Chakula cha Mazimwi Kabla ya Jua Kutua



Mmoja wenu aliwahi kuniuliza darasani kwa nini Kiswahili kina maneno mengi ya vitu vya kutisha: zimwi, mzimu, jini, pepo, mchawi. Aliuliza kama yote yana maana moja. Nilimwahidi jibu la kisarufi, nikalisahau. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa jikoni kwangu hapa Jinja, na lilinifedhehesha kabla ya kunifundisha. Ndiyo maana nimeona heri niliandike.

Ilikuwa tarehe 31 Oktoba. Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ameona dukani boga la plastiki lenye macho na meno, akataka tulinunue. Nilimweleza asili ya jambo lenyewe. Usiku ule ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo huadhimishwa tarehe 1 Novemba. Wazee wa Ireland waliamini kwamba katika majira hayo wafu hukaribia makao ya walio hai. Wakachonga nyuso katika mizizi ya tanipu na kuweka taa ndani yake. Wahamiaji wao walipofika Marekani walikuta maboga, ambayo ni makubwa na ni rahisi kuchonga, na desturi ikahamia humo. Leo wanaiita Halloween.

"Basi boga tunalo," akasema binti yangu, akilielekezea kidole lile lililokuwa chini ya meza.

Tukakubaliana. Hatungenunua plastiki yoyote. Tungepika chakula kilekile tukipendacho, kile cha kushibisha na kutuliza roho baada ya siku ndefu, ila kila sahani tungeibatiza jina la kutisha. Mdogo wake, mwenye umri wa miaka sita, alipewa cheo cha Mkuu wa Mazimwi na kazi ya kumenya karanga.

Kazi ilianza walipotoka shuleni. Ndizi za matoke nilikuwa nimekwisha kuzifunga katika majani ya mgomba, zikawa zinaiva kwa mvuke taratibu. Zikiiva, huzikandamiza zikiwa bado ndani ya majani hadi ziwe donge moja laini la manjano. Ukilifungua donge hilo, mvuke hupanda juu kama ukungu. Hilo likaitwa Kaburi Linalofuka, na kipande cha chapati kikasimamishwa juu yake kuwa jiwe la kaburi. Kando yake tukaweka Tope la Kinamasi, yaani mchuzi wa karanga. Sisi huzisaga karanga zikiwa mbichi, pamoja na ngozi zake nyekundu, kisha tukazichemsha kwa moto mdogo hadi mchuzi uwe mzito wenye rangi ya zambarau iliyofifia. Siku nyingine rangi ile haina mvuto mkubwa. Siku hiyo ilitufaa sana.

Mihogo haikuhitaji uganga wowote. Mhogo ukikatwa mwembamba na kuchemshwa tayari ni kidole. Mkuu wa Mazimwi alipasua punje za karanga katikati na kubandika kila nusu kwenye ncha, ikawa ukucha. Vidole kumi na viwili, kwa kuwa, alivyosema, zimwi hana sababu ya kuhesabu kama sisi. Juisi ya pasheni tuliitia bitiruti kidogo, ikageuka damu.

Yakabaki macho. Nilichemsha mayai sita, nikayakata nusu kwa nusu, na katikati ya kila kiini tukabandika harage moja jeusi. Binti yangu alichukua kijiti cha kuchokolea meno, akakichovya katika mchuzi wa nyanya, akaanza kuchora mishipa ya damu juu ya ute mweupe. Alikuwa na mkono mtulivu. Nilimsifu.

"Tuyafanye mekundu zaidi, Mama," akasema bila kuinua kichwa. "Kama ya Jjajja wa samaki. Shuleni wanasema yeye ni msezi. Ndiyo maana macho yake hayalali."

Mdogo wake akacheka.

Kwa wale mnaosoma kutoka mbali: Jjajja ni neno la Kiganda la kumwita babu au bibi. Msezi, kwa masimulizi ya kwetu, ni mtu anayesemwa kuwa hutembea usiku, hucheza makaburini na hula maiti. Na Jjajja wa samaki ni jirani yetu, mjane, aliyefanya kazi kiwandani ujanani mwake na ambaye sasa hujipatia riziki kwa kukausha sangara kwa moshi nyuma ya nyumba yake.

Nilikuwa na kisu mkononi. Nilitaka kukaripia, lakini sauti haikutoka, kwa sababu nilikumbuka usiku mmoja wa mwezi wa Agosti. Usiku huo nilisikia mawe matatu yakianguka juu ya bati la nyumba ya mama yule, moja baada ya jingine, kisha nyayo za watu wakikimbia. Baba watoto alikuwa safarini. Nilifanya nini? Nilifunga dirisha. Asubuhi sikwenda kumjulia hali. Wiki iliyofuata nikaanza kununua samaki sokoni, nikijiambia kwamba ni karibu na njia yangu ya kazini.

Sikuyaamini maneno yale. Hata hivyo niliishi kama mtu anayeyaamini, na watoto wangu walikuwa wakinitazama. Kwa hiyo binti yangu hakulitoa neno lile shuleni pekee. Alikuwa amelithibitisha nyumbani.

Niliweka kisu chini, nikafunika vyombo, nikamwambia anifuate.

Tulimkuta mama yule ameinama mbele ya tanuri lake la matofali, akigeuza samaki mmoja mmoja. Nilimwamkia, naye akaitika kama mtu asiyetarajia kuamkiwa. Nilimwomba amwonyeshe binti yangu kazi yake. Akampa kijiti, akamfundisha namna ya kumshika samaki mkiani asivunjike, na namna ya kutia kuni mbichi kidogo ili moto usiwake bali utoe moshi. Upepo wa ziwani ukageuka. Kabla ya dakika kumi binti yangu alikuwa akipiga chafya, machozi yakimtiririka, macho yake yamekuwa mekundu kuliko yale ya mayai.

"Usiyafikiche," mama akamwambia, akimfuta kwa upindo wa kitenge chake. "Mimi niliyafikicha kwa miaka mingi, nikayaharibu."

Binti yangu alinitazama. Sikusema neno. Hakukuwa na haja ya mahubiri. Moshi ulikuwa umekwisha kuhubiri.

Ndipo nikamkaribisha mama yule kwa chakula cha usiku. Nilieleza kwa haya kwamba ni mchezo wa watoto, chakula cha mazimwi. Alitabasamu, kisha akatikisa kichwa.

"Usiku mimi sitoki, mwanangu. Nikionekana njiani usiku, kesho nitaamka nikiwa na jina."

Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja saa ya kufungwa kwa duka. Nilielewa kwamba kwa miezi kadhaa jirani yangu alikuwa amefungwa katika nyumba yake kila jua lilipotua, bila hukumu wala mahakama, na kwamba ukuta mmoja wa gereza lake ulikuwa dirisha langu.

"Basi tutakula kabla jua halijatua," nikasema.

Hivyo ndivyo mazimwi wetu walivyoandaliwa mezani saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwaka kikamilifu dirishani. Watoto walilalamika kwamba mshumaa ndani ya boga hauonekani. Mgeni alifika akiwa na sangara mmoja aliyefungwa katika gazeti. Alizunguka meza akisomewa majina ya sahani, akasikiliza kwa makini kama mkaguzi wa shule, kisha akachukua kidole kimoja cha muhogo na kung'ata ukucha kwanza. Mkuu wa Mazimwi alipiga kelele za furaha. Tulipofika kwenye mayai, binti yangu aliisogeza sahani karibu yake mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Haya ni macho ya zimwi tu. Si ya mtu." Mama yule alimtazama kwa muda, akachukua moja, akala.

Baada ya chakula alitusimulia hadithi ya zimwi lililomeza kijiji kizima, pamoja na ng'ombe na mbwa wake, kwa Kiswahili chake cha kiwandani chenye ladha ya Kisoga. Alisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Giza likaingia tukiwa katikati ya tumbo la zimwi, na boga letu hatimaye likawaka macho.

Alipogundua kwamba usiku umeingia, alinyamaza. Ilibidi arudi nyumbani, na njia inapita mbele ya kibanda cha chapati ambako vijana hukusanyika. Tulitoka sote pamoja naye. Binti yangu alitangulia akilibeba boga kwa mikono miwili, mimi nikamshika mama mkono, na Mkuu wa Mazimwi akafuata nyuma. Tulipofika kibandani niliwasalimu wote kwa sauti, kila niliyemjua kwa jina lake. Nikasema, "Tunamsindikiza Jjajja. Alikuwa mgeni wetu." Wengine waliitika. Wengine walitazama chini. Sijui kama miongoni mwao walikuwamo warushaji wa mawe ya Agosti.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa, nikaeleza niliyoyasikia usiku ule. Aliniuliza kwa nini nimechelewa hivyo. Sikuwa na jibu zuri. Aliitisha kikao cha wakazi, na tangu hapo mawe hayajarushwa tena. Lakini zipo nyumba mbili ambazo bado hazinunui samaki wake.

Sasa nirudi kwenye swali la sarufi. Zimwi, wingi wake mazimwi, ni kiumbe cha hadithi. Methali husema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Angalieni kiambishi "li": methali hulitaja zimwi kama inavyolitaja jiwe au boga. Mzimu, wingi wake mizimu, hukaa katika ngeli moja na mti na mto, na ndugu yake wa Kiganda ni muzimu. Jini na majini, pepo na mapepo, yote hayo kwa umbo lake yamo katika makundi ambayo si ya watu. Mchawi pekee ndiye anayeanza kwa "m" na "wa" kama mwalimu, mvuvi, mjane na mtoto. Mchawi, wachawi. Neno hili haliwezi kukaa hewani. Likitamkwa, hutafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia aliye mzee, aliye peke yake na asiye na wa kumtetea.

Si jambo la mtaa wetu pekee. Ng'ambo ya ziwa letu, katika maeneo ya Usukumani nchini Tanzania, wako wanawake wazee waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi, ilhali ni moshi wa kupikia uliowaharibu. Nchini Kenya, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa mbele ya wenye mamlaka. Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 24, inamlinda kila mtu dhidi ya mateso na kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha. Mwezi Julai mwaka 2021, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kutaka madhara yatokanayo na tuhuma za uchawi yakomeshwe. Sheria hizo ni nzuri, lakini hakuna hata moja inayoweza kufungua dirisha langu kwa niaba yangu usiku mawe yanaporushwa.

Sijaacha kuwapikia watoto chakula cha mazimwi. Mtoto anayekula jicho la zimwi huku akicheka hujifunza kwamba hofu yaweza kuwekwa mezani na kutafunwa. Tunayo kanuni moja tu sasa, na ni binti yangu aliyeitunga: sahani yoyote yaweza kupewa jina la kutisha, mradi jina hilo lisiwe la mtu anayeweza kubisha hodi.

Kazi yenu ya juma hili: andikeni aya moja mkieleza chakula cha kwenu mlichokibatiza jina la kutisha. Kisha andikeni ya pili kumhusu mtu wa mtaani kwenu ambaye watu wamempa jina asilolistahili. Katika aya hiyo ya pili, mwiteni kwa jina lake la heshima.