Denti, Konda na Hesabu ya Tajiri

Kwa sisi tunaopenda vitabu, neno usanifu linatupeleka kwenye lugha: tamathali, mpangilio wa sentensi, uteuzi wa maneno. Mhandisi akilisikia anafikiria daraja. Kwenye semina za sera ninazotumwa kuripoti, usanifu ni jalada la ripoti na rangi za bango. Yaani unakuja mwisho, mambo yote yakishaamuliwa. Nadhani hapo ndipo sera nyingi nzuri zinapofia.

Chukua nauli ya mwanafunzi. Nilisoma sekondari Dar es Salaam, na kupanda daladala asubuhi ukiwa na sare ilikuwa vita. Sera ilikuwa upande wetu: mwanafunzi analipa nauli pungufu. Lakini konda alikuwa na hesabu ya tajiri, kile kiasi ambacho lazima kimfikie mwenye gari jioni, iwe mvua, iwe foleni. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho anachogawana na dereva. Kwa hiyo kila denti aliyeingia alikuwa amekalia pesa ya mtu mzima. "Denti wawili tu!" anapiga kelele konda, mkono umeziba mlango. Nyie wengine mnabaki kituoni, na viboko vya kuchelewa vinawangoja.

Dawa iliyotolewa miaka nenda rudi ilikuwa maonyo. Viongozi wakakemea, trafiki wakasimama vituoni, makonda wakaambiwa wawe na utu. Kila mtu aliihubiria roho ya konda. Hesabu hakuna aliyeigusa. Serikali ilitoa punguzo, halafu gharama yake ikamwangukia kijana anayening'inia mlangoni, ambaye ndiye pia aliyepewa uamuzi wa nani apande.

Mwezi Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni. Mtu mzima alilipa shilingi 650 kwenye njia kuu, mwanafunzi 200. Pengo lenyewe si dogo. Ila tiketi ulikata dirishani kabla ya kuingia kituoni, na dereva hakugusa pesa. Basi lilipofika, yeye hakujua nani kalipa 650 na nani kalipa 200, na hakuwa na sababu ya kujua. Utu wa dereva haukuhitaji kufanyiwa semina. Na kwa kuwa sakafu ya basi iko usawa mmoja na jukwaa la kituo, mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kuomba abebwe. Usanifu ninaouzungumzia ni huo: pesa inapita mkononi mwa nani, na ngazi iko wapi.

Msidhani nawapigia debe mwendokasi. Mabasi yakiwa machache, foleni inageuka mbanano, na kwenye mbanano mwenye kiwiko ndiye anayepanda. Mtoto wa darasa la tatu anaachwa vilevile. Halafu kuna karakana. Bonde la Msimbazi hujaa maji, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wa bondeni, baadhi wakahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi ikajengwa humo humo, Jangwani. Jina lina kejeli yake, maana jangwa hilo hufurika. Mvua kubwa zilipokuja, mabasi yaliingiliwa na maji na huduma ikasimama. Mzee yeyote wa Magomeni angeweza kuonyesha kwa kidole maji yanapopita. Ujuzi huo upo mitaani bure, ila haupewi kiti mezani wakati ramani inachorwa.

Ndiyo maana siku hizi nikikabidhiwa waraka wa sera naanza kutafuta mlango. Nani amesimama pale? Akimpitisha mlengwa, yeye anapoteza nini? Kama anapoteza mlo wake wa jioni, maneno "makundi maalumu" yaliyojaa kwenye utangulizi hayatamsaidia mtu.

Kwenye njia nyingi za daladala, sare bado zinasubiri kituoni. Kabla ya kuandika onyo jingine, ofisa mmoja akakae na konda saa nne usiku, noti zikiwa zimekunjwa kati ya vidole, ahesabu naye.