Taa Ndani ya Kopo

Kamera yetu ya tundu la sindano ilianza na kopo la maziwa ya unga. Binti yangu alipaka bati rangi nyeusi kwa ndani, akakata kipande cha kopo la soda, akakitoboa kwa ncha ya sindano, kisha akalisugua tundu kwa msasa mpaka likabaki duara safi, kama nusu milimita hivi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kopo na kifuniko.

Miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham wa Basra alieleza kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana taswira hupenya tunduni ikaangukia upande wa pili kichwa chini, miguu juu. Lenzi haihitajiki. Kinachohitajika ni tundu dogo na giza la kweli.

Tuliliweka kopo juani dakika moja, tukasafisha karatasi ya picha bafuni kwa taa nyekundu. Ikatoka nyeusi tupu. Nikamkaripia: "Tundu lako kubwa mno!" Akatoboa jingine, dogo zaidi. Nyeusi tena. La tatu alilitoboa kimya, bila kunitazama.

Usiku ule umeme ulikatika. Nikawasha tochi ndogo, nikaitia ndani ya kopo, nikafunika. Kifuniko kizima kikang'aa kama chemli. Kilikuwa cha plastiki nyeupe, na hakuna aliyekipaka rangi. Mwanga ulikuwa ukiingia kwa upana wa kiganja, nami nashikilia kulaumu tundu la sindano.

Nikamwita aone. "Kosa ni langu, mama. Tundu lako lilikuwa sawa tangu mwanzo. Nisamehe."

"Basi tukipake, baba," akasema.

Tangu hapo, jambo likiharibika nyumbani au kazini, kabla sijakagua tundu la mwenzangu hutia kwanza taa ndani ya kopo langu. Kuona panapovuja kwako kunauma, lakini mtoto aliyelaumiwa bure huumia zaidi, tena huumia kimya.

Picha iliyofuata ilitoka: anga jeusi, mwembe mweupe, maana karatasi hugeuza rangi. Waliopita njiani hawakuonekana. Binti yangu, aliyekaa kigodani dakika nzima bila kutikisika, alionekana. Tundu tulilotumia ni lile la kwanza. Alikuwa amelihifadhi kwenye mkebe wake wa hesabu.