Usiku Mmoja Ulingoni

Tuliondoka Bukoba asubuhi, jua likiwa limekwisha kuinuka juu ya ziwa, na kabla hatujafika Kemondo mpwa wangu alikuwa amekwisha kuwaonyesha abiria wote wa kiti cha nyuma picha iliyokuwa katika simu yake. Kijana huyu ni mwana wa dada yangu. Anafanya kazi Marekani, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi nyumbani tangu aondoke. Pichani alionekana ameketi juu ya mti, mita tano au sita kutoka ardhini, upinde mapajani. Mti wenyewe ulikuwa mnyofu, hauna tawi hata moja la kumshika. Ameketi juu ya kiti cha chuma kilichoukumbatia mti kwa nyuma, na miguu yake imekanyaga jukwaa dogo la chuma, nalo limeukumbatia mti vivyo hivyo.

"Anasubiri nini huyu?" akauliza mama mmoja aliyepakata kikapu cha dagaa.

Nikamjibu kwamba anasubiri ayala. Jina hilo wasomaji wa Zaburi wanalijua, lakini mnyama mwenyewe hayumo katika mapori ya Tanzania. Kwa umbo anafanana na swala, ila dume lake lina pembe zenye matawi, ambazo huanguka kila mwaka na kuota upya, ilhali pembe za swala na pongo wetu hukaa kichwani maisha yote.

"Kumbe huko nyama husubiriwa kama meli," akasema mama yule, na basi zima likacheka.

Ndugu msomaji ambaye hujafika upande huu, barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba ni miongoni mwa barabara nzuri kwa macho katika nchi yetu. Nchi imepangwa kwa migongo mirefu ya mawe inayofuatana na ufuko wa Ziwa Victoria, na juu ya migongo hiyo kuna rweya, yaani mbuga za majani mafupi. Katikati ya rweya vimesimama vijiji kama visiwa vya kijani: migomba, mibuni chini ya migomba, na nyumba ndani kabisa, isiyoonekana mpaka uifikie. Pwani ya ziwa mvua ni nyingi mno. Bukoba hupata kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini ukishuka upande wa magharibi mvua hupungua upesi, migomba huwa michache, na pori huanza. Huko ndiko tulikokuwa tunakwenda.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimewapeleka mpwa wangu na watoto wangu Katuruka, katika eneo la Maruku. Masimulizi ya Kihaya yanasema kwamba mtawala Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi mahali pale, akawaamuru wajenge mnara wa chuma wa kufikia mbinguni. Mnara ukapanda, kisha ukaanguka. Palikuwapo na mti mkubwa mtakatifu, Kaiija, na jina lake lina maana ya mahali pa uhunzi. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alichimba hapo akifuata maneno ya wazee, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mnara hakuuona, lakini wahunzi walikuwapo. Binti yangu aliuliza kwa nini mfalme hakujifunga kamba. Nilicheka wakati ule.

Baba Mdogo anakaa si mbali na Muleba mjini. Alitupokea uani, amesimama kwa fimbo, kwa maana nyonga yake ya kulia haijakaa sawa tangu mwaka 1984. Mwaka huo alianguka kutoka ulingoni. Kwa wasomaji wa mjini, ulingo, au dungu kama wengine wasemavyo, ni jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo au juu ya mti, ambamo mlinzi wa shamba huketi kuwafukuza ndege, tumbili na nguruwe. Yeye alikuwa amelifunga jukwaa lake kwa makamba ya migomba. Makamba hayo ni mazuri yakiwa mapya, lakini mvua na jua vikibadilishana zamu juu yake mwezi mzima, hukatika bila ya kutoa sauti. Alilala chini mpaka alfajiri. Nilikuwa darasa la sita, nami ni mmoja wa waliombeba kwa machela ya miti.

Basi tulipofika, tukamkuta amenuna. Mwanawe, ambaye kwangu ni kaka, alikuwa ametangaza kwamba atajenga ulingo mtini kwenye shamba lake la mahindi kule bondeni, ambako ardhi inateremka kuelekea Ziwa Burigi. Hakuwa na njia nyingine. Migomba yake mingi ilikwisha kwa mnyauko, ugonjwa uliothibitishwa Kagera katikati ya miaka ya 2000, na sasa ada za shule na chumvi ya nyumbani vinatoka katika mahindi na maharage. Msimu uliopita nguruwe mwitu waliingia siku tatu tu, wakamwachia magunia mawili.

"Mjomba, mwonyeshe Babu picha," akanong'ona mpwa wangu, kana kwamba picha hiyo ingetuliza mambo.

Baba Mdogo aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa ya mtu aliyewahi kuanguka.

"Anapandaje?"

Kijana akaeleza. Kifaa kina vipande viwili, cha kuketi na cha kukanyaga, kila kimoja na waya au mnyororo unaozunguka mti. Uzito wa mtu ukikaa juu yake, meno ya chuma hung'ata gome. Mpandaji huketi juu ya kipande cha juu, akainua kile cha chini kwa miguu iliyofungwa humo, akasimama, akasukuma cha juu, akaketi tena, na hivyo hivyo mpaka afike.

"Mti hupungua unene kadiri unavyokwenda juu. Jukwaa haliinami?"

Linainama. Kwa hiyo chini kabisa huliweka likiwa limeinuka kidogo upande wa mbele, ili likifika juu liwe sawa.

"Na kipande cha miguu kikimponyoka?"

Hufungwa kwa kamba kwenye kipande cha juu, la sivyo mtu hubaki akining'inia hana pa kukanyaga.

"Na upinde?"

Hauchukuliwi mkononi. Huachwa chini umefungwa kwenye uzi mrefu, ukavutwa mwenyewe akisha kukaa.

"Na yeye mwenyewe kafungwa na nini?"

Hapo kijana akaonyesha mikanda iliyompita mabegani na mapajani, ikaunganika mgongoni na mkanda mmoja uliozunguka mti. Akasema huko Marekani wawindaji wengi huumizwa kwa kuanguka mtini kuliko kwa meno au pembe, na kwamba mkanda huo hufungwa tangu miguu ikiwa ardhini, maana wengi huanguka wakipanda au wakishuka. Baba Mdogo akamrudishia simu bila ya kusema neno, akaomba maji ya kunywa.

Jioni alitusimulia uwindaji wa zamani. Wahaya hawakuwa watu wa kukaa mtini na kusubiri, alisema. Waliwinda wengi pamoja, kwa mbwa, nyavu na mikuki, wakamkumbuka Irungu, mwenye pori, kama wavuvi walivyomkumbuka Mugasha, mwenye ziwa. Mpwa wangu aliuliza kama anaweza kujichongea upinde, akae ulingoni na kumsubiri pongo. Kaka alimkatisha mara moja. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila leseni, na upinde ni silaha kama bunduki. Tena pori lile si la jana: mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Ndani yake kuingia na silaha ni kosa, hata usipoua.

"Hata huko kwako si una leseni?" nikamuuliza.

"Ninayo, Mjomba, na msimu wake una tarehe."

Nilimwuliza kaka habari za kifuta jasho, ile fedha ambayo kanuni za mwaka 2011 zinamwelekezea mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama. Akasema kifuta jasho huja baada ya jasho, naye anataka kuvuna. Sikuwa na la kumjibu.

Kesho yake tuliteremka bondeni kuchagua mti, na kazi hiyo ilichukua nusu ya siku. Mkaratusi ulikuwa mnyofu kama ule wa pichani, lakini gome lake hubambuka kwa vipande, na kamba iliyofungwa juu ya gome la namna hiyo huteleza nalo. Mwembe una matawi ya kukalia, lakini una majani mengi. Mlinzi haoni kitu. Palikuwapo mti mkavu, mwepesi kupanda, ambao kaka aliupenda kwa sababu ulikuwa katikati ya shamba. Baba Mdogo, aliyetaka kuletwa kwa pikipiki makusudi ashuhudie makosa yetu, aliugonga kwa fimbo mara mbili, akasikiliza, akasema, "Huu umekwisha kufa. Anayekaa juu ya maiti anangojea nini?"

Mwisho tukaafikiana juu ya msizi mmoja pembeni mwa shamba, ambao Wahaya huuita omuhumula. Wataalamu wameupa mti huo jina la Emin Pasha, yule yule aliyeweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Ni mti mnyofu, usio na matawi ya chini. Kwa sababu hatukuwa na kiti cha chuma, tulisimamisha nguzo mbili mbele yake, tukafunga ngazi, na jukwaa likashikwa na mti kwa nyuma na nguzo kwa mbele, mita tatu na nusu tu kutoka chini. Kijana alitaka mita tano. Lakini anayepanda juu sana humkimbia mnyama mwenye pua, na nguruwe hufukuzwa kwa kelele, ambayo haihitaji kimo. Hatukutumia makamba ya migomba. Kaka alinunua kamba ya katani Muleba, na mpwa wangu akanunua mkanda mpana wa kufungia mizigo ya lori, akaukata na kuushona kwa sindano ya magunia, ukawa kitanzi cha kifuani na kingine cha kuzunguka mti.

Usiku tulipanda sisi watatu kwa zamu. Kabla ya kupanda, kaka alirusha vumbi kidogo hewani kutazama upepo; ulitoka shambani kuja kwetu, na huo ndio upepo unaofaa. Tulikuwa na debe, kipande cha chuma na tochi. Nataka nikiri kwamba mtu wa mjini hajui usiku ulivyo mrefu. Saa nne miguu ilikuwa imekufa ganzi. Saa sita baridi ilipanda kutoka bondeni. Hatukusema neno.

Karibu na saa nane, mwezi ukiwa umetoka, pongo dume alisimama mpakani mwa mahindi. Hakuwa mbali, hatua ishirini hazikufika. Madoa meupe ya ubavuni yalionekana, na pembe zake fupi zilizojisokota. Alichuma majani ya maharage, moja, la pili, kama mama anayechambua mboga. Nikamwona mpwa wangu ameinua mkono wake wa kushoto kidogo, na wa kulia umerudi kifuani. Alikuwa anavuta upinde usiokuwapo. Kaka naye alikuwa anamtazama mnyama yule. Nyumbani kwake nyama ilikuwa haijapikwa tangu Pasaka. Mkuki ulikuwa umeegemezwa kwenye shina la mti, chini. Hakuna aliyesogea. Kisha ubao ukalia chini ya goti langu, na pongo akabweka kama mbwa, mara moja, akatoweka.

"Amekula maharage ya shilingi mia mbili," kaka akasema polepole. Ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya kwanza baada ya saa nne.

Nguruwe walikuja alfajiri, tukawasikia kabla ya kuwaona, mabua yakivunjika upande wa mto. Kaka alipiga debe, nami nikapiga chuma, na kijana aliyekuwa amesinzia akaruka wima. Akakanyaga ukingo wa jukwaa, mguu ukapita hewani. Mkanda ulikazana, ukamrudisha kwenye shina akagonga bega, akabaki ameukumbatia mti huku nguruwe wakitimka kuelekea porini. Sikumbuki kama tuliendelea kupiga debe. Tulimketisha, tukaushika mkanda ule mikono mitatu, wakati hapakuwa tena na haja ya kuushika.

Kulipopambazuka Baba Mdogo alifika kwa pikipiki. Mahindi yaliyoharibiwa yalikuwa mistari miwili. Hakuyatazama. Alizunguka chini ya ulingo akikagua mafundo moja moja kwa ncha ya fimbo, akaamuru mawili yafunguliwe na kufungwa upya. Kisha akamwita mjukuu wake ashuke, akalishika bega lililochubuka, akalitazama.

"Mkanda huo," akamwambia, "utakaporudi kwenu huko, uuache."

Kijana akasema kwamba tayari alikuwa amekusudia kuuacha.

"Na wa pili uushone leo. Huwa wanakaa wawili."