Mtoto wa ndugu na macho ya jamaa

Kwa wazee wetu, mtoto alikuwa wa jamaa yote. Mtu akifa, kabla bantu hawajatawanyika ku kilio, jamaa walikaa chini na kuuliza: nani atachukua batoto? Kwa Babemba na Balamba, wenye kufuata ukoo wa mama, mjomba alikuwa na sauti kubwa. Aliyesema «miye» alisema mbele ya wote. Hakukuwa karatasi, lakini kulikuwa mashahidi, na hao walirudi kuangalia.

Hapa Lubumbashi mila hiyo ingali hai. Katika parsele nyingi za komuni Katuba na Kenya utakuta mtoto wa dada ao wa kaka. Kilichopunguka ni wale wenye kurudi kuangalia. Kila mtu iko na shida yake.

Tusiseme ya wengine tu. Mwaka 2014 tulipokea mtoto wa marehemu dada yetu, binti wa miaka 10. Batoto yetu walikwenda ku masomo, yeye aliuzisha mikate barabarani. Tulijiambia: mwaka kesho. Na sisi ni walimu! Siku moja mama mukubwa alifika toka Kasenga, akauliza:

— Huyu mutoto, iko nasomea wapi?

— Mama, falanga ilikosa.

— Falanga ya bako ilitoka wapi? Si weye ulisema ku kilio: ni mutoto wangu?

Tulinyamaza. Juma lililofuata binti alivaa bluu na nyeupe, akaenda pamoja na wengine.

Na mtoto asiye na mama mukubwa kama huyo? Hapo ndipo sheria inaingia. Dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950, ya wakati wa Babelgiji, ilishughulikia hasa watoto wakosaji. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia ulozi. Kisha sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ilianzisha tribinali za watoto. Kwa sheria hiyo, asistenti wa sosiali anaweza kumweka mtoto mwenye shida katika jamaa, ao katika nyumba iliyokubaliwa na serikali, na juji wa watoto anapashwa habari. Anayemwita mtoto mulozi anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini ya franka 200 000 hadi 1 000 000.

Bengine wanasema sheria hii ni ya kizungu, inaingia mu nyumba za bantu. Sisi tunaona asistenti anayepiga hodi anauliza swali lile lile la mama mukubwa. Lakini atajuaje mlango wa kupiga hodi, kama sisi tunanyamaza? Jirani anaona mtoto mwenye kuuzisha saa ya masomo. Mwalimu anaita jina asubuhi, hakuna anayeitika. Tusiandike tu «hayuko». Twende tuulize.