Ng'ambo ya Mto Songwe

Ndugu msomaji, ukitoka Tukuyu kwa basi kuteremkia Kyela, utajua umefika bondeni kabla hujaona kibao chochote. Baridi ya mashamba ya chai hukuacha ghafula, koti linavuliwa, na joto lenye unyevu linakupokea. Mbele yako ni uwanda wa mpunga, migomba na mikakao hadi Ziwa Nyasa. Kushoto Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote humwaga maji yake katika uwanda huu, na ifikapo Aprili shamba na njia huwa kitu kimoja.

Mchele wa Kyela umekwisha kusifiwa vya kutosha, nami sitaongeza neno. Nimekusudia kukupeleka Kasumulu, mpakani.

Mpaka huu uliandikwa Ulaya, katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai, 1890. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Waliobaki kaskazini ya Songwe ni Wanyakyusa, wa kusini ni Wangonde wa Karonga, na lugha zao ni karibu moja. Ukishukuru kwa kusema "ndaga" utaeleweka kote kuwili. Mto wenyewe haukutia sahihi mkataba ule. Ukifurika huacha njia yake ya zamani na kuchimba nyingine, na mkulima aliyelala Tanzania huweza kuamka shamba lake liko Malawi.

Katika mila za huku, msiba hauhudhuriwi kwa kutuma salamu. Mtu huvuka, hukaa, hula pamoja na wafiwa, ndipo arudi. Ndiyo maana maradhi nayo hayajui mpaka. Kipindupindu kilichozuka Malawi mwaka 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700 katika nchi ile, na wilaya zote zikaguswa, Karonga ikiwemo. Lakini kipindupindu hupiga kelele, na serikali husikia. Yako maradhi mengine yasiyopiga kelele, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae Kyela siku zaidi ya nilizopanga.

Nilimkuta mzee mmoja amekaa barazani, mguu wa kushoto umevimba toka goti hadi kisigino. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia na kunivutia kigoda. "Mwanangu, unautazama mguu," akasema. "Utazame tu. Mimi niliuficha miaka kumi."

Ni matende. Huletwa na minyoo midogo ambayo mbu huihamisha toka damu ya mtu mmoja hadi ya mwingine, nayo huziba njia za maji ya mwili. Kwa wanaume wengi matokeo yake ni mabusha. Mzee hakuamini habari ya mbu. Wanyakyusa wa kale walishika kwamba manung'uniko ya majirani waliokosewa ni kama pumzi ya baridi, nayo humshukia mkosaji ikawa ugonjwa. Monica Wilson aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1951. Mzee alikumbuka ng'ombe aliyekataa kumchinja kwenye msiba wa baba yake, akaona ameadhibiwa. Basi akaona haya, akaacha kwenda penye watu. Dada yake alipofariki Karonga, hakuvuka.

Sicheki imani ile. Iliwafundisha watu kuogopa kuwakosea jirani zao, na sijui ni dawa gani ya hospitali inayoweza hilo. Lakini haikumwambia mzee akinge mbu.

Kati ya mwaka 2006 na 2011 watafiti waliwafuatilia wakazi wa Kyela, na matokeo yakachapwa mwaka 2016: wenye minyoo hii walikuwa katika hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI karibu mara mbili ya wasio nayo. Fikiri, msomaji, maana yake katika wilaya ya mpakani ambako malori hulala usiku kungoja forodha. Dawa za kugawiwa watu wote mara moja kwa mwaka zimepunguza sana minyoo hiyo Kyela. Ng'ambo nako waligawa, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Malawi imeyashinda matende kama tatizo la jamii. Mwaka huo huo Tanzania ilikuwa bado inagawa dawa katika baadhi ya wilaya zake. Damu moja, mbu wale wale, vyeti viwili.

Dawa huua vijidudu vilivyomo katika damu; mguu uliokwisha kuvimba haiurudishi. Busha hupasuliwa, na mtu akapona. Mguu hutaka kuoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, kukaushwa vizuri katikati ya vidole, na kuinuliwa mtu akikaa. Mzee alifundishwa hayo na muuguzi, na tangu hapo homa zilizokuwa zikimlaza zimekuwa chache. Mjukuu wake wa kike ndiye humletea beseni.

Alinieleza kwamba Jumamosi angevuka Songwe kwenda kuwaomba radhi wapwa zake kwa kutomzika mama yao. Akaniletea ndara alizotengeneza kwa safari. Ya kulia ilikuwa ya kawaida. Ya kushoto aliipasua ukanda wake, akaunga kipande cha mpira wa baiskeli, mguu upate kuingia.