Mapenzi Katika Kushindwa
Mwaka 1957 ulipokwisha, mji wa New York uliachwa na timu mbili kati ya tatu zake za besiboli: Dodgers na Giants zilihamia California. Mwaka 1962 Mets, timu mpya, iliingia uwanjani. Ilianza kwa kushindwa michezo 9 mfululizo. Msimu ulipofungwa, ilikuwa imeshinda 40 na kushindwa 120. Walakini watu zaidi ya 900,000 walikwenda kuitazama. Aliyeonja ukiwa hamdharau mgeni kwa unyonge wake. Mwaka 1969 Mets ilitwaa ubingwa wa Marekani. Wengi walishangilia siku ile, lakini utamu wa ushindi waliujua zaidi wale waliokuwa wameipigia makofi ilipokuwa katika aibu.