SIMULIZI ZA NESI, SEHEMU YA 6: Herufi mbili zilizomchelewesha mtoto kwa baba yake

Leo siongelei homa wala chango. Naongelea karatasi, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku, leba imejaa, tuko wawili tu. Alijifungua mama mmoja wa Lizaboni, tumwite Mama Upendo. Asubuhi najaza tangazo la kizazi, namuuliza, "Mama, jina lako?" Akanitajia, nikaandika nilivyosikia: Skolastika. Sikuomba kitambulisho. Kwenye NIDA yake anaandikwa Scholastica, kama masista wa Peramiho wanavyoliandika. Nikamkabidhi karatasi, akashukuru, akaenda zake na mtoto mgongoni.

Cheti cha mtoto kikatoka kile cha bure, cha watoto chini ya miaka mitano, kinachoandikwa kwa mkono huku huku kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mpango mzuri sana, umesaidia watoto wengi. Ila mjue, kinachoandikwa pale kinafuata tangazo la kizazi, na tangazo la kizazi linafuata sikio la nesi aliyekesha.

Baba Upendo akapata kazi Ujerumani. Baada ya muda akaanza kuita familia yake. Mama Upendo akapanda basi la alfajiri, Njombe, Makambako, Iringa, mpaka Dar, zaidi ya kilomita 900 na mtoto mapajani. Dirishani ubalozini wakalinganisha karatasi. Pasipoti inasema Scholastica. Cheti cha mtoto kinasema mama yake ni Skolastika. Kwetu sisi ni mtu yule yule, hata padri angecheka. Kwa mtu asiyekujua, hao ni wanawake wawili, na mmoja anataka kutoka nchini na mtoto wa mwenzake. Wakamrudisha akarekebishe. Na sitawalaumu, maana watoto wanaibwa kweli.

Aliponifuata hakugomba. Alinionyesha tu simu, baba yake anamwangalia mtoto akihesabu mpaka kumi kwenye video. Wakati anaondoka mtoto alikuwa hajaota jino. Nililia chooni, nisiwadanganye.

Tukaanza upya. Msajili wa vizazi wa wilaya anapatikana ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiko tulikoanzia. Marekebisho ya cheti yanataka ushahidi: kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, NIDA ya mama, kadi ya kliniki, cha ubatizo kama kipo. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba ile kadi ya kliniki hakuitupa! Mama zangu, kadi ya kliniki usifungie vitumbua hata mtoto akiwa darasa la saba.

Cheti kikishakuwa sawa, safari bado. Nchi nyingi, wakiwemo jirani zetu Malawi, wamo kwenye mkataba wa The Hague wa 1961. Wao karatasi inagongwa muhuri mmoja unaoitwa apostille, na kwa kawaida nchi nyingine za mkataba zinaikubali. Sisi Tanzania hatumo. Kwa hiyo yetu inapanda ngazi. RITA wanahakiki cheti, uhakiki ule ule wanaoufanya vijana wanaoomba mkopo wa chuo, unaombwa mtandaoni. Halafu Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha. Halafu ubalozi wa nchi unayokwenda, na kila ubalozi una masharti yake. Waulize wenyewe kabla hujatoa hata shilingi, usimuulize kijana wa steshenari.

Tafsiri nayo ina siri yake. Cheti kikiwa cha Kiswahili, BAKITA wanatafsiri na kuthibitisha tafsiri. Lugha nyingine, ubalozi utakwambia mtafsiri gani wanamkubali. Lakini swali la kuuliza ni hili: tafsiri inafanywa kabla ya mihuri au baada? Kuna wanaotaka mpaka maneno ya kwenye muhuri yatafsiriwe. Ukitafsiri mapema, unalipa mara mbili. Mama Upendo alilipa mara mbili.

Na jamani, vyeti msivitie ile plastiki ya moto. Najua vinapendeza na maji hayaingii, lakini muhuri haushiki juu ya plastiki, na ukijaribu kuibandua unaondoka na maandishi. Weka kwenye bahasha, basi.

Siku hizi nikiwa zamu siulizi jina kwa mdomo. Naomba kitambulisho cha mama na cha baba, naandika herufi kwa herufi, halafu namgeuzia mama karatasi asome kabla hajatoka wodini. Asiyejua kusoma namsomea mbele ya ndugu yake. Wenzangu wananiita Mama Spelingi, sijali. Na wewe ukienda kujifungua, tia NIDA kwenye begi pamoja na khanga na nguo za mtoto. Nesi akisahau kuiomba, mpe. Hatakasirika, na akikasirika mwambie nimekutuma mimi.

Mama Upendo waliondoka mwezi wa pili, baada ya mwaka na miezi minne ya kuhangaika. Alinipigia usiku, sauti inakatika, akaniambia mtoto amemkataa baba yake siku nzima, anajificha nyuma ya gauni. Siku ya tatu ndiyo akakubali kubebwa.

Sehemu ya 7 nitajibu wale walioniuliza kuhusu mtoto ambaye jina la baba halipo kwenye cheti. Ni maswali mengi, nipeni mpaka nimalize zamu.